Hedifoni ya mahameli hainibani, ya reksini ina besi: nichukue ipi?

SWALI

Shikamoo fundi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ngamiani, Tanga. Kazi yangu ni kusoma na kuhariri vitabu vya sauti na vipindi vinavyorekodiwa kwa ajili ya redio. Chumba cha kazi ni kile cha uani. Ukutani tumetundika magodoro na mablanketi, na nikianza kurekodi nazima feni kwa sababu maikrofoni inanasa mvumo wake. Joto la hapa mwezi wa kwanza unalijua, sina haja ya kukuelezea.

Hedifoni yangu ya zamani imekufa upande mmoja. Shemeji yangu anayefanya kazi Maskati anarudi mwezi ujao, na ameniambia nichague moja nzuri aje nayo. Nimebahatika kupata mbili za kujaribu. Ya kwanza ni Audio-Technica ATH-M50x ya binamu yangu, pedi zake ni za reksini. Ya pili ni Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 80 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), nimeazimwa na dada mmoja anayefanya kazi redioni, pedi zake ni kitambaa cha mahameli. Bei zinakaribiana, kwa hiyo pesa si hoja.

M50x nikiivaa tu naipenda. Sauti imejaa, besi ipo, muziki wa kufungulia kipindi unapendeza. Lakini mimi navaa miwani na mtandio. Ikitimia saa moja mkono wa miwani unanichoma juu ya sikio, na nikiivua pedi zimelowa.

DT 770 naweza kuivaa asubuhi mpaka adhuhuri nikasahau kama iko kichwani. Tatizo ni sauti yake, sielewi. Kuna siku ina besi ya kutosha, kuna siku sauti ni nyembamba, na mimi sijagusa kitu. Halafu herufi s zinanichoma. Nikisoma "sasa hivi" au "siasa" najikuta nashika kitufe cha kupunguza.

Mjomba wangu, ambaye ni mpenzi mkubwa wa muziki, anasema kifaa cha sauti kinachaguliwa kwa sauti, na kubanwa nitazoea. Mume wangu anasema kazi ni saa tano kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi, na kichwa ni changu si cha mjomba. Rafiki yangu naye anasema niache zote mbili, nichukue zile zilizo wazi nyuma, zinapitisha hewa.

Je, nisikilize masikio au nisikilize kichwa?

Msomaji, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Mjomba na mume wako wanagombana bure. Wote wawili wanadhani sauti ni jambo moja na starehe ni jambo jingine, kwamba lazima ukose kimoja ndipo upate kingine. Kwa hedifoni zilizofungwa nyuma, na hizo zako zote mbili ni za aina hiyo, namna pedi inavyokaa kichwani ni sehemu ya sauti yenyewe. Hedifoni isiyokukaa vizuri haikupi sauti yake halisi, hata ingekuwa imetengenezwa na malaika. Kwa hiyo hiyo DT 770 inayobadilika tabia siku hadi siku wala haijaharibika, na masikio yako hayana tatizo. Ni miwani na mtandio.

Ndani ya kila upande kuna spika ndogo, na utando wake unasukuma hewa iliyofungiwa kati ya pedi na kichwa chako. Sauti za juu, yaani zile nyembamba kama s, zinafika sikioni hata kama pedi imeacha mwanya. Besi haifiki. Mitetemo yake ni ya polepole, na mwanya ukiwepo hewa inapata muda wa kupenya nje kabla shinikizo halijajengeka. Sasa fikiria mkono wa miwani unavyopita chini ya pedi: unainyanyua mbele na juu ya sikio, pakabaki kijia. Mtandio nao, siku umeukunja mara moja na kitambaa ni chepesi, hewa inayovuja ni kidogo. Siku umeuzungusha mara mbili ukaweka na pini, mikunjo inafungua vijia kila upande. Hapo besi imeondoka, na ikishaondoka sauti za juu zinajitokeza kuliko kawaida, s ikazidi kukuchoma. Umelalamikia mambo mawili, lakini kwa sehemu kubwa chanzo chake ni kimoja.

Usiniamini kwa maneno tu, jaribu. Tafuta sauti moja nzito isiyobadilika, kama hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Programu yako ya kuhariri inaweza kuitengeneza. Icheze kwa sauti ya wastani, halafu weka viganja juu ya vikombe vya hedifoni uvibonyeze taratibu kuelekea kichwani. Kama mvumo unapanda ghafla, ujue pedi zilikuwa zinavuja. Vua miwani, rudia. Vua mtandio, rudia. Ndani ya dakika chache utajua ni kipi kinachokuibia besi na kwa kiasi gani. Fanya hivyohivyo kwa M50x. Nadhani utakuta nayo inavuja, ila kwa kuwa besi yake imetiwa chumvi kidogo tangu kiwandani, ukipoteza kiasi bado unabaki na cha kutosha kukufurahisha.

Kuna jambo jingine lililoipendelea M50x katika majaribio yako. Bila shaka umezichomeka zote kwenye saundikadi moja, kile kifaa kinachounganisha maikrofoni na hedifoni na kompyuta, na nina hakika hukugusa kitufe cha sauti ulipobadilisha. M50x ina ukinzani wa omu 38 na kampuni inaandika kwamba inatoa desibeli 99 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa miliwati moja ya umeme. DT 770 yako ni omu 80 na desibeli 96. Piga hesabu: kitufe kikiwa palepale, DT 770 itasikika chini kwa kama desibeli 6. Hiyo ni tofauti kubwa. Tofauti ya desibeli moja au mbili tu inatosha kumfanya mtu aseme ile inayosikika zaidi "imejaa", bila kutambua kwamba alichosikia ni ukubwa wa sauti, si ubora. Wauza redio wanalijua hilo siku nyingi, ndiyo maana ile wanayotaka uinunue huwa imefunguliwa zaidi.

Basi rudia jaribio kwa haki. Usitumie muziki. Muziki unapendeza kwenye chochote, na wewe hulipwi kwa muziki. Chukua kipande cha sauti yako mwenyewe ambacho hujakichuja, na kingine cha mwanamume, uvihariri kwa hedifoni moja. Ukibadilisha hedifoni, pandisha au shusha sauti mpaka maneno yasikike yako umbali uleule. Sikio huzoea upesi kile lilichoanza nacho, likaona cha pili ni kigeni, kwa hiyo siku inayofuata anza na ile nyingine. Na vaa kama unavyovaa kazini, miwani na mtandio vyote. Mapitio ya kwenye video yanafanywa na vijana wenye vichwa vitupu katika vyumba vyenye kiyoyozi, na hukumu zao zinahusu vichwa vyao.

Nikirudi kwenye s. Hata pedi zikikaa sawasawa, DT 770 ina mwinuko katika sauti za juu, maeneo ya kilohezi 8 (hezi elfu nane) hivi. Hilo linajulikana kwa kila aliyeifanyia kazi. Herufi s ya binadamu ina nguvu nyingi kati ya kilohezi 5 na 10, na kwa wanawake kwa kawaida inakaa juu kuliko ya wanaume. Yaani s yako imeangukia palepale kwenye mwinuko. Hatari si kwamba itakuchoma. Hatari ni hicho kidole ulichosema kinakimbilia kupunguza. Ukikata s mpaka hedifoni hiyo iridhike, msikilizaji wa kule Korogwe anayefungua kitabu chako kwenye spika ya simu atasikia mtu mwenye kithembe. Dawa yake ni ndogo: kabla hujafunga faili, lisikilize mara moja kwenye spika ya simu yako na mara moja kwenye redio ya sebuleni. Kama s ni za kawaida huko, ziache hata kama hedifoni inalalamika. Baada ya muda utakuwa umeijua tabia yake na utaipunguzia kichwani mwako, kama mtu anayejua mizani ya nyumbani kwake inazidisha nusu kilo.

M50x nayo ina tabia zake. Kwa kuwa inaongeza besi, inaweza kukufanya udhani sauti yako ni nzito kuliko ilivyo, ukaikata chini, na kitabu kikatoka chembamba. Hakuna kati ya hizi mbili isiyodanganya. Unachagua uongo utakaoweza kuishi nao.

Sasa kichwa. Watu wakisikia hedifoni inaumiza wanauliza uzito. Hapa uzito hauna neno: DT 770 ni gramu 270, M50x ni gramu 285, bila kuhesabu waya. Gramu 15 huzihisi. Unachohisi ni mahali inapobana na nafasi ya ndani ya pedi. Pedi za M50x ni za duaradufu na hazina kina kirefu, kwa hiyo masikio ya watu wengi yanagusa ndani. Za DT 770 ni duara na zina kina, sikio linakaa bila kuguswa. Mkono wa miwani nao unabanwa kati ya pedi na mfupa ulio juu ya sikio, na mahameli laini inazama kuuzunguka ilhali reksini inausukuma. Ndiyo maana moja inakuchoma ikifika saa moja na nyingine unaisahau.

Mjomba anasema utazoea. Kwa kiasi fulani ni kweli, utepe wa hedifoni mpya, ule unaopita juu ya kichwa, hulegea ukitumika, na wapo wanaoivisha kwenye boksi lenye upana unaozidi kichwa kidogo ikalala hivyo usiku kucha. Lakini mfupa hauzoei. Na mjomba, kwa heshima zote, anasikiliza taarabu zake akiwa amekaa kwenye kochi, akichoka anavua.

Tuje kwenye mtandio, maana huo hauna budi. Ukiwa peke yako chumbani, vaa kofia ya ndani ya pamba nyembamba, isogeze nyuma ya masikio ili pedi iguse ngozi moja kwa moja, vaa hedifoni, kisha tupia mtandio juu ya vyote bila kuukaza. Besi itarudi mara moja. Pini zote zikae mbali na utepe, kwa sababu pini iliyo chini ya utepe ndiyo maumivu ya utosini ambayo watu wanaisingizia hedifoni. Akiingia mtu umeshajisitiri. Kwa upande wa miwani, siku ukibadilisha fremu chagua yenye mikono myembamba ya chuma. Mikono mipana ya plastiki ni adui wa hedifoni yoyote ile.

Jasho haliepukiki kwa hedifoni iliyofungwa, feni ikiwa imezimwa. Reksini inanata na haipitishi hewa, na jasho la pwani pamoja na mafuta ya nywele huifanya ibanduke magamba. Ifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Mahameli inapumua kiasi lakini inakunywa jasho na inashika vumbi, ukiizembea inanuka. Pedi zake zinavulika: zioshe kwa sabuni ya kawaida na maji, zianike kivulini mpaka zikauke kabisa ndipo uzirudishe. Tafadhali usimsikilize atakayekwambia ununue M50x na kuivisha pedi za mahameli ili upate yote mawili. Mahameli inavujisha hewa kuliko reksini, na M50x haikupangwa kwa ajili yake. Utapoteza ile besi uliyoipendea.

Rafiki yako wa hedifoni zilizo wazi nyuma amekutakia heri, maana kweli hazifukuti. Lakini sauti inatoka nje kwa uhuru, na wewe unasoma mbele ya maikrofoni ukiwa umezivaa: kila unachokisikia kitarudi kwenye rekodi kama mwangwi. Bajaji za Ngamiani nazo zitaingia bila hodi. Hizo ni za mhariri mwenye chumba kimya asiyerekodi.

Jambo moja hamjalitaja wote wanne, na mimi naliweka juu ya besi na s. Pedi inayovuja inatoa besi nje na inaingiza kelele ndani, na mtu akizungukwa na kelele anapandisha sauti bila kujua. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Wewe unafanya saa 30 kwa wiki. Ukiwa kwenye 80 uko salama. Ukiwa kwenye 83, ambayo ni mguso mdogo tu wa kitufe, mgao wako wa wiki unaisha Alhamisi jioni, na Ijumaa na Jumamosi unakula masikio yako mwenyewe. Ukishapata mkao mzuri, tafuta kiwango cha chini ambacho maneno yanasikika bila kukaza sikio, weka alama ya kalamu kwenye kitufe, na usiivuke isipokuwa unatafuta kasoro fulani kwa muda mfupi.

Kwa kazi yako, nakushauri uchukue DT 770. Si kwa sababu ina sauti nzuri kuliko mwenzake, maana binamu yako akija na M50x yake tunaweza kubishana mpaka magharibi. Ni kwa sababu ndiyo itakayokaa vilevile kichwani mwako saa ya kwanza na saa ya tano. Hedifoni inayokuuma unaisogezasogeza, na kila ukiisogeza besi inabadilika, kwa hiyo sura ya mwisho ya kitabu unaihariri kwa masikio tofauti na yale ya sura ya kwanza. Ungekuwa mwandishi wa habari wa kuzunguka na kinasa sauti mfukoni ningekwambia M50x bila kusita: inakunjika, waya zake zinachomoka na zinakuja tatu za urefu tofauti, na kifaa kidogo kinaiendesha kwa urahisi. DT 770 haina hayo. Waya wake ni mita 3, haung'oki, na adui yake mkubwa ni magurudumu ya kiti. Ufunge kwenye mguu wa meza, uache urefu wa kukutosha tu.

Mwambie shemeji aangalie namba kwenye boksi. DT 770 Pro inauzwa kwa omu 32, 80 na 250, na kwa nje zinafanana sana. Ya 250 itaizidi nguvu saundikadi ndogo. Anunue ya 80, ahakikishe pedi ni za mahameli, aongeze jozi ya pedi za akiba, na aone ile adapta ya pini nene ikiwa ndani. Kisha aifungue hapohapo dukani asikilize kushoto na kulia kabla hajalipa, maana ikishafika Tanga hakuna wa kuirudisha Maskati.